Aliyeonja Pombe Yangu

Watu wakiniuliza niliachaje pombe, nawaambia niliungua mguu. Siyo uongo. Kovu lipo, kuanzia chini ya goti mpaka kwenye kifundo, na baridi ya Juni ikiingia linavuta ngozi hadi nachechemea. Wakishaliona wanasema pole, wanatikisa kichwa, na habari inaishia hapo. Mimi huwa naiacha iishie hapo, maana iliyobaki hainipendezi.

Nilikuwa mpika komoni, pombe ya mahindi, pale Mpemba, miaka ile malori yalipoanza kupanga foleni kutoka mpakani Tunduma mpaka kwetu, dereva anakaa siku nne, siku tano, akingoja karatasi zake. Kabla ya hapo nilikuwa binti wa mkulima wa kahawa wa Hasamba, kisha nikawa mke wa dereva. Mume wangu alivuka kwenda Zambia akasema anarudi Jumatano. Hakusema Jumatano ipi.

Kurudi nyumbani nisingeweza. Baba alishakufa, shamba ameshika kaka yangu, na kaka mwenyewe alikuwa anang'oa mibuni kwa hasira. Wanunuzi binafsi walikuja na mizani zao na maneno matamu, msimu wa kwanza watu wakaezeka bati, halafu bei ikaporomoka na wanunuzi hawakuonekana tena. Kaka akapanda mahindi, na mahindi yale yaliwatosha wanawe kwa shida. Nikabaki Mpemba. Nilipanga chumba chenye ua, nikanunua pipa, nikaanza kupika. Kazi yenyewe niliijua kwa kuangalia wengine: unachemsha uji wa mahindi, unauacha upoe, unatia kimea cha ulezi, unaufunika, unasubiri uumuke. Siku ya tatu wateja wanajaa uani bila kuitwa.

Sasa kuna jambo ambalo mtu wa mbali hawezi kulijua. Kwetu pombe haimiminwi tu mtu akanywa. Mwenye pombe anaonja kwanza, mbele ya mnywaji, na anameza, mnywaji aone koo linavyoshuka. Tunaita kutoa sumu. Na siyo mara moja kwa siku. Kila jagi linapotoka linaonjwa upya, likihamia benchi jingine linaonjwa tena, kwa sababu watu wetu hawaogopi pipa, wanaogopa mkono unaoleta. Usipoonja, hakuna atakayegombana nawe. Watanyanyuka mmoja mmoja, wataaga kwa adabu, na kesho utasikia kwamba una dawa za kuua watu.

Tena haonji yeyote. Ukiajiri kibarua aonje, wateja wanakucheka. Kibarua akifa utaajiri mwingine, kwa hiyo kuonja kwake hakumhakikishii mtu kitu. Lazima aonje mwenye pombe au mtu wa damu yake, mtu ambaye akianguka pale nyumba italia. Mimi Mpemba sikuwa na mtu wa damu. Nilikuwa naonja mwenyewe, jagi kwa jagi, kuanzia saa nne asubuhi.

Mwanzoni nilikuwa nagusa tu midomo, wakanishtukia. Jamaa mmoja, kuli wa mpakani, akasema, "Dada, meza bwana, siyo unabusu kikombe." Watu wakacheka, nami nikacheka, nikameza. Mwaka wa kwanza nilikuwa naonja kama mpishi anavyoonja chumvi. Mwaka wa pili nikawa naamka nikiwaza jagi la kwanza litatoka lini. Mwaka wa tatu sikuwasubiri wateja. Mikono ilikuwa inatetemeka asubuhi mpaka siwezi kufunga fundo la kanga, nikishameza kikombe kimoja inatulia, na mimi nikajiambia kwamba basi kile kikombe ni dawa. Baadaye komoni ikawa haitoshi, nikawa natafuta gongo kwa mama mmoja nyuma ya soko. Nilinenepa uso, nikakonda miguu. Nilikuwa najikojolea usingizini, naanika godoro juani, na majirani wanaona. Nilikuwa na ulimi mkali tangu utoto, nikautumia kuwafukuza wote walionionea huruma.

Siku niliyoungua sikuwa nimelewa. Watu wanadhani nilikuwa nimelewa. Nilikuwa sijanywa. Pombe ya juzi ilikwisha, mpya ilikuwa bado kuumuka, na mama wa gongo alikuwa amesafiri. Nilishika sufuria la uji unaochemka niumimine kwenye ndoo upoe, na mikono ile isiyo na dawa yake ikaliachia. Nakumbuka sauti yangu, nikashangaa nani analia hivyo.

Jirani alituma habari Hasamba, na kesho yake mchana mama yangu alishuka kwenye gari na kapu la viazi, kuku mmoja na Biblia. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mkavu, mwenye kitambaa cheupe kichwani ambacho hakukivua hata akilima. Hiki kilikuwa kitambaa cha kina mama wa kanisa. Alibatizwa akiwa msichana na tangu siku hiyo hakuwa amegusa pombe, hata kwenye harusi, hata ile togwa iliyolala siku mbili. Kule kijijini ukitaka kumtania mtu asiyekunywa, unamwambia amekuwa mama fulani, unamtaja yeye.

Aliniuguza mambo mawili kwa pamoja. Kidonda alikipaka asali na kukifunga matambaa aliyoyachemsha mwenyewe. Na ule ugonjwa mwingine aliukalia mlangoni. Aliweka kigoda kizingitini, akaketi, akashona, na mimi sikupita. Siku ya pili niliona siafu wanatoka ukutani wanakuja kwenye mguu wangu. Siku ya tatu nilianguka kifafa, nikauma ulimi. Katikati ya hayo nilimtukana mama yangu mzazi matusi ambayo makuli wa mpakani wangeomba radhi. Alikuwa anaitika, "Naam, mwanangu," anaendelea kushona.

Na uani, lile pipa nililokuwa nimelitia kimea siku moja kabla ya kuungua lilikuwa limeumuka. Wateja walinusa, wakaja. Mama alitaka kulimwaga, kisha akauliza kodi ya chumba inalipwa na nini, nikamwonyesha pipa kwa kidole. Akasimama muda mrefu analitazama. Halafu akachukua jagi akateka, kwa mkono wa mtu anayeshika nyoka, akampelekea mteja wa kwanza, mfanyabiashara wa Kizambia aliyekuwa anangoja mzigo wake.

Yule mtu hakupokea. Alikuwa na heshima zake. "Bamayo," alisema, maana kwao ndivyo wanavyomwita mama, "nani anaonja?"

Mama hakuelewa kwanza. Mtu mwingine akamweleza kwa Kinyiha. Akageuka akanitazama. Nilikuwa nimelala kwenye mkeka, mlango wazi, hatua kama nne kutoka pale. Nami nikanyoosha mkono. Nataka hili liandikwe kama lilivyokuwa: sikusubiri kuombwa, nilinyoosha mkono wote, vidole vimefunguka, na mate yalinitoka. Mama alikuja na kile kikombe. Nilidhani ananipa. Akanipiga kofi mkononi, kofi la mtoto aliyegusa nyama kabla ya wageni, akafumba macho kama mtu anayebariki chakula, akanywa. Akameza. Koo lilishuka, wote wakaona. Akakohoa sana.

"Sawa, bamayo," alisema Mzambia, akapokea jagi.

Mguu ulipona baada ya miezi miwili hivi. Kutetemeka nako kuliondoka, nikaanza kula, nikaanza kulala kama binadamu. Hapo ndipo mtu mwenye akili angelitupa pipa. Mimi sikulitupa. Mama mwenyewe ndiye alisema, "Ukiacha kupika utakula nini? Na ukishika kikombe wewe, utarudi kulekule. Acha nionje mimi. Mimi mzee, itanifanya nini?"

Nilikubali upesi mno. Mpaka leo ile haraka yangu ndiyo inayoniumiza kuliko mengine.

Biashara ikachangamka kuliko nilivyopata kuiona. Watu walimpenda. Bibi wa kitambaa cheupe anaonja, hiyo pombe itakuwa na sumu gani? Madereva walikuwa wanapita vilabu vingine vitatu kuja kwetu. Walimwita bibi, wanampa shikamoo, anawaitikia marahaba, anameza, anawagawia na neno la Mungu papo hapo. Mimi napika, nateka, napokea, na sinywi. Majirani wakaanza kunisalimia. Mwenye nyumba akasema nimekuwa mtu.

Miaka miwili na zaidi tuliishi hivyo. Kama nikisema sikuona, nitakuwa nadanganya tena. Niliona alipoanza kuimba nyimbo za kanisa akiosha vyombo, yeye ambaye nyumbani alikuwa haimbi nje ya ibada. Niliona kikombe kilivyokuwa kinatekwa robo, kisha nusu, kisha kinajaa. Niliona anavyoamka mapema kwenda kuchungulia pipa. Asubuhi moja nilimkuta anajaribu kutia uzi kwenye sindano, uzi unapita kushoto, unapita kulia. Nilimnyang'anya sindano nikatia mwenyewe, nikamrudishia. Nilijua ule mkono. Nilikuwa nao mimi.

Mwishowe niliuza pipa. Nilianza kupika wali na maharage kwa ajili ya madereva, kazi ambayo ningeweza kuianza tangu mwanzo, kwa sababu haikuhitaji kitu ambacho sikuwa nacho. Siku mama alipoona pipa linapakiwa kwenye mkokoteni alisema, "Vizuri, mwanangu. Vizuri sana." Siku ya tatu nilirudi kutoka barabarani na masufuria yangu nikakuta chumba kitupu. Alikuwa kilabu cha jirani, saa saba mchana, ameketi kati ya makuli, kitambaa kimehamia nyuma ya kichwa.

Nikamrudisha Hasamba. Niliwaambia watu mama amechoka na vumbi la mpakani, anahitaji hewa ya nyumbani. Moyoni nilidhani baridi ya kwetu na kanisa lake vitamnyoosha. Lakini kijijini kuna vilabu pia, na watu wa kijijini wana macho. Kabla msimu haujaisha wazee wa kanisa walikuwa na habari zake zote, alikaa wapi, alinywa nini, alianguka wapi.

Mwezi huohuo mimi nilikuwa naomba kurudi kundini. Nilishatengwa zamani, kwa sababu ya kuishi na yule dereva bila ndoa ya kanisani na kwa sababu ya pipa. Sasa mwanamume hayupo, pipa limeuzwa, sinywi, na wazee nilishawaambia kwamba niliacha kupika tangu siku niliyoungua. Mzee mmoja wa kanisa alikuja nyumbani kwa kaka kuzungumza nasi sote wawili siku moja, nadhani ili asipande kilima mara mbili. Alikuwa mtu mpole. Alimwuliza mama, "Mama yetu, umekuwa nguzo miaka yote hii. Nini kimekupata?"

Mama alicheka kidogo. "Nilionja, nikaona tamu."

Mzee akainamisha kichwa. Kisha akanigeukia mimi. "Alianza lini, wewe unajua?"

Ilikuwa inatosha sentensi moja. Mama alikuwa ananitazama, hakunikazia macho wala hakuniomba, alikuwa ananitazama tu kama anavyotazama mtu anayesubiri uji upoe. Mimi nilikuwa nawaza: nikisema alikuwa anaonja yangu, watajua nilipika miaka ile yote ambayo nilishasema nimeacha. Watanisogeza nyuma. Na nilikuwa nimechoka kukaa benchi la nyuma na waliotengwa, nilitaka watu wanishike mkono mlangoni, nilitaka hilo kuliko chakula. Nikasema, "Sijui, mzee. Labda ni uzee."

Jumapili niliyopokelewa walinipa nafasi ya kushuhudia. Nilionyesha kovu. Nilisema ni Mungu peke yake aliyeniondoa kwenye pombe, na watu wakasema amina, kina mama wakapiga vigelegele, mmoja akanifunga kitenge begani. Tangazo la pili lilikuwa la mama yangu, kwamba amewekwa kando, asisogee kwenye Meza ya Bwana, na kwamba avue kitambaa cha umoja. Alikuwa ameketi nyuma kabisa. Alikivua mwenyewe, akakikunja vizuri pembe kwa pembe, akampa mama aliyekuwa karibu naye. Sikuwahi kuona nywele zake kanisani. Zilikuwa nyeupe zote.

Nyumbani sikuweza kumtazama. Nikamwambia, "Mama, nisamehe." Akaniuliza, "Kwa lipi?" Nikashindwa kutaja. Mpaka leo sijui kama hakujua kwa kweli, au alinizuia nisitaje.

Aliishi misimu mitatu ya mvua baada ya hapo. Mimi niliendelea na wali wangu Mpemba, Jumamosi napanda Hasamba, na Jumamosi nyingi ilikuwa kumtafuta kilabu kwa kilabu. Nilijaribu kumkalia mlangoni kama alivyonikalia. Alianguka vibaya, akapoteza fahamu, na mganga wa zahanati akanigombeza kwamba mtu wa umri ule hakatwi pombe ghafla hivyo, atanifia mikononi. Nikamwachia. Nilikuwa namfuata tu, namshika mkono, namrudisha.

Mara moja nilimkuta kwenye kilabu cha kijiji cha Ruanda, mbali kweli, sijui alifikaje. Jua lilikuwa kali. Alikuwa ameketi chini, ameegemea ukuta wa udongo, mdomo una povu la pombe, viatu hana. Mtu mmoja akanikaribisha kikombe, nikakataa. Mama akainua kichwa, akanitambua, na uso wake wote ukafunguka. Akawaambia wale walevi, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya maana, "Huyu ni mwanangu. Hanywi huyu. Hanywi kabisa."

Walimpongeza. Mmoja alipiga makofi.

Alikufa mwezi wa saba, tumbo limejaa maji, macho ya njano. Alikufa mchana, mimi nikiwa namlisha uji, na kijiko cha mwisho hakikumezwa.

Mchungaji hakuja. Sikumlaumu, ndio utaratibu, aliyetengwa hazikwi na kanisa. Kwaya haikuja. Kengele haikugongwa. Yule mzee wa kanisa alikuja kama jirani, bila joho na bila kitabu, akachimba kaburi na wengine kwa mikono yake. Jeneza lilipokwisha kuteremshwa, watu wakasimama hawajui kinachofuata. Hapo mzee akasema taratibu, "Kanisa halina ibada hapa. Lakini kama kuna mtu wa familia ambaye ni mshirika kamili, anaweza kumwombea mama."

Kaka alikuwa ametengwa kwa ajili ya mke wa pili. Wajukuu walikuwa bado hawajabarikiwa. Watu wote walinigeukia mimi.

Nikasogea. Nilikusudia kusema Baba yetu, nirudi nyuma. Midomo ikafunguka na likatoka lingine. Nikasema, "Huyu hakuwa mlevi. Alikuwa anaonja pombe yangu ili mimi nisionje. Pombe ilikuwa yangu. Niliwadanganya pale kanisani, ilikuwa yangu." Nililisema vibaya. Nilikuwa sijala siku mbili, ulimi ulikuwa mzito, kamasi zilikuwa zinanitoka, na mguu wenye kovu ulikufa ganzi kwa baridi, nikayumba, kaka akanidaka nisiingie kaburini.

 Kisha nikasikia sauti ya mwanamke nyuma ya watu, sauti ya huruma kabisa, ikisema, "Masikini, amerudia."

"Sijanywa," nilisema. "Nisikilizeni, sijanywa." Nikazidi kuyumba.

Shangazi yangu, dada yake marehemu baba, akatoka kwenye kundi la wanawake. Alinishika mabega kwa mikono miwili, akasogeza uso wake mpaka kwenye mdomo wangu, akanusa. Akasubiri nipumue, akanusa tena. Nilimwona macho yake yakibadilika, nikajua amejua kwamba sijanywa. Akamtazama yule mzee wa kanisa, akatazama jeneza, akanitazama mimi, halafu akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Mwacheni. Nitampeleka akalale."

Akanikalisha chini kati ya wanawake, akaweka mkono wake juu ya mdomo wangu, na kaka akaanza kufukia.